Antena za televisheni kwa mkazi wa ghorofa: tathmini ya aina nne na mahali pa kuziweka

Mkazi wa ghorofa anayetaka kupokea chaneli zinazorushwa kutoka minara ya nchi kavu hana uhuru alio nao mtu anayeishi katika nyumba yake peke yake. Paa si lake, ukuta wa nje si wake, na mara nyingi madirisha yake yote yanatazama upande mmoja, ambao huenda usiwe upande mawimbi yanakotoka. Ushauri wa mafundi waliozoea kupanda juu ya paa na kusimamisha mlingoti haumsaidii sana, kwa kuwa yeye anatafuta mahali pazuri ndani ya vyumba vichache vilivyozungukwa na zege. Nimetumia kwa muda mrefu aina zote nne za antena zinazouzwa kwa kazi hii, yaani ile ya fito mbili za kuvuta, ile bapa ya kubandika, ile yenye kiongeza nguvu ndani yake, na Yagi fupi, yaani antena ya fito nyingi zilizopangwa juu ya ufito mmoja mrefu, ya kufungwa kwenye roshani. Ninaziandikia tathmini kwa sababu ninaona watu wakinunua kwa kufuata maandishi ya kwenye boksi, kisha picha inapokwama wanaamini kwamba matangazo ya bure hayafiki kwao, ilhali yanafika.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kwa hoja zitakazofuata. Mahali antena inapokaa pana uzito kuliko aina ya antena. Umbo na ukubwa wake vinafuata. Na kiongeza nguvu, ambacho wengi tunakiita busta, kinakuja mwisho, na katika fleti nyingi hakihitajiki hata kidogo. Mtu akiwa na fedha ya kitu kimoja tu, anunue antena ya kawaida isiyo na umeme pamoja na waya mzuri mrefu wa kumwezesha kuifikisha dirishani.

Kabla ya kuzitazama aina zenyewe, inafaa kujua ukubwa wa kitu kinachotafutwa. Katika Ulaya na Afrika televisheni ya kidijitali hurushwa zaidi katika masafa ya UHF kuanzia megahezi 470 hadi 694, na katika baadhi ya nchi hutumika pia masafa ya VHF kati ya megahezi 174 na 230. Marekani sehemu ya UHF inaishia megahezi 608, kwa kuwa masafa ya juu yake yaligawiwa mitandao ya simu. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa nusu mita, na la megahezi 200 lina urefu wa mita moja na nusu. Antena ya msingi kabisa hufanya kazi vizuri inapokuwa na urefu unaokaribia nusu ya wimbi, kwa hiyo kwa UHF tunazungumzia sentimita 22 hadi 32 kutoka ncha moja hadi nyingine, na kwa VHF sentimita 65 hadi 85. Hesabu hii ndogo ni silaha kubwa dukani. Kijiti chenye sumaku cha urefu wa kidole kinaweza kutosha kwa mtu anayeishi karibu na mnara, lakini hakiwezi kulipokea vizuri wimbi la VHF hata kiwe na jina gani, na anayeishi mahali ambapo chaneli muhimu ziko VHF asipoteze fedha yake hapo.

Hesabu nyingine inayostahili kufanywa kabla ya kulipa inahusu umbali. Kuna maboksi yanayoahidi upokeaji wa kilomita 300 na zaidi kutoka kwa karatasi ya plastiki inayobandikwa ukutani. Mawimbi ya UHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, yakijipinda kidogo tu kufuata umbo la dunia, na upeo wake hupatikana kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, kuongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya mpokeaji, kisha kuzidisha jumla hiyo kwa 4.12 ili kupata kilomita. Mnara wa mita 150 na antena iliyo ghorofa ya tano, mita 15 hivi kutoka ardhini, hufikiana kwa kilomita 66 kama ardhi ni tambarare. Mnara ulio juu ya mlima hufika mbali zaidi, na hali ya hewa isiyo ya kawaida huweza kuyasukuma mawimbi mbali kwa saa chache, lakini hakuna mtu anayepanga kutazama taarifa ya habari kwa kutegemea hali ya hewa. Boksi linaloandika kilomita 300 linaandika jambo ambalo dunia yenyewe, kwa kuwa ni mviringo, hailiruhusu.

Maneno mengine ya kwenye boksi hayana madhara hayo, ila hayana maana pia. Hakuna antena ya kidijitali wala antena ya 4K. Antena ni chuma kinachopokea mawimbi, na chuma hakijui kama wimbi limebeba picha ya zamani ya analojia au picha ya kisasa. Anayejua ni televisheni yenyewe au king'amuzi. Jambo la kuhakikisha ni kwamba televisheni au king'amuzi kinaelewa mfumo wa nchi husika, uwe DVB-T2, ATSC au ISDB-T. Antena ya zamani iliyotumika enzi za chenga inaweza kufanya kazi nzuri kabisa leo, mradi viungio vyake havijaota kutu na masafa iliyotengenezewa ndiyo yanayotumika.

Nianze na antena ya fito mbili za kuvuta, ambayo mara nyingi huwa na pete ya chuma katikati yake. Wengi huiona kuwa kitu cha wazee, nami naiona kuwa aina inayodharauliwa bila haki. Fito zake ndizo sehemu ya VHF na pete ni sehemu ya UHF, kwa hiyo ni miongoni mwa antena chache za ndani zinazoyapokea masafa yote mawili kwa ukubwa unaostahili. Kosa la kawaida katika kuitumia ni kuvuta fito zote hadi mwisho kwa kudhani kwamba urefu zaidi huleta nguvu zaidi. Kwa chaneli ya megahezi 200 kila ufito unatakiwa kuwa na urefu wa sentimita 36 hivi, zikiwa zimelazwa pande mbili kwa mstari unaokaribia kunyooka. Mtu asiye na pete na anayetafuta chaneli ya UHF azifupishe hadi sentimita 12 au 13 kila moja, na ataona tofauti papo hapo. Udhaifu wake uko kwenye vifundo. Kile kifundo kidogo cha plastiki kinachoushika ufito hulegea baada ya kugeuzwa mara kadhaa, ufito ukaanza kuinama wenyewe polepole, na upokeaji unabadilika bila mtu kugusa kitu. Unaponunua, usimamishe ufito kwa pembe ya kulala, uache, uangalie kama unabaki ulipoachwa. Ukishuka ukiwa mpya, baada ya miezi michache utakuwa ukiufunga kwa uzi.

Antena bapa, ile inayofanana na karatasi nene ya plastiki, ndiyo inayouzwa sana sasa, na sababu yake inaeleweka: haionekani vibaya sebuleni. Niliwahi kuichana moja kingo zake kwa wembe na kuifungua. Kati ya karatasi mbili za plastiki mlikuwa na utando mwembamba wa alumini uliokatwa umbo la mabawa mawili yanayokaribiana katikati, na hapo katikati waya ulikuwa umebanwa kwa vipande viwili vya chuma vidogo kuliko kucha. Hakukuwa na kitu kingine. Sisemi hivi kwa kuibeza, maana umbo la mabawa ni umbo zuri linalopokea sehemu pana ya UHF bila kurekebishwa, lakini mnunuzi ajue kwamba analipia sentimita kadhaa za alumini na wepesi wa kubandika. Wepesi huo ndio ubora wake mkubwa: inakubali kukaa kwenye kioo cha dirisha, mahali ambapo antena ya kusimama mezani haiwezi kukaa. Anayeibandika nyuma ya televisheni, ukutani, ili isionekane, ameitupa faida pekee aliyoilipia, na ameiweka karibu kabisa na saketi za umeme zinazotoa kelele.

Nina malalamiko mawili juu ya aina hii. Kwanza, waya wake mara nyingi umeunganishwa moja kwa moja, hauwezi kutolewa, na ni mwembamba mno. Ukitaka kuifikisha dirisha la mbali unalazimika kuongeza kiungio katikati, na kila kiungio kibaya ni mahali pa kupoteza mawimbi. Chagua ile yenye tundu la kuskurubu waya, ili waya uwe wa kuchagua mwenyewe. Pili, pale katikati palipobanwa hapapendi kukunjwa. Antena iliyoviringishwa na kukunjuliwa mara nyingi huanza kukatakata picha, na mtumiaji hulaumu hali ya hewa wakati kosa liko kwenye kile kibanio kidogo. Nayo gundi inayokuja na boksi hulainika jua likiipiga kioo, kwa hiyo vikombe vya mpira vya kunyonya kioo ni bora kuliko gundi.

Aina ya tatu, yenye busta ndani yake, ndiyo ninayoipa alama ya chini kabisa kwa mtu wa fleti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotezewa fedha. Kwenye boksi huandikwa desibeli 30 au zaidi (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi), na mnunuzi huiona namba hiyo kubwa kando ya desibeli 3 au 4 za antena ya kawaida, akaamua. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Uwezo wa antena yenyewe ni uwezo wa kukusanya mawimbi kutoka hewani, ilhali desibeli za busta ni kiasi cha kukuza kile kilichokwisha kukusanywa, kiwe kizuri au kibaya. Picha ya kidijitali haitegemei ukubwa wa mawimbi peke yake. Inategemea jinsi mawimbi yanavyoizidi kelele iliyo pamoja nayo. Busta hukuza vyote viwili kwa kipimo kilekile, kisha inaongeza kelele yake yenyewe, kwa hiyo uwiano unaotoka kwenye busta huwa mbaya kidogo kuliko ulioingia.

Kuna hatari nyingine inayomhusu hasa mkazi wa mjini. Mitandao ya simu hutumia masafa ya megahezi 700 na 800, jirani kabisa na mwisho wa televisheni, na mnara wa simu unaweza kuwa juu ya paa la jengo linalotazamana na lako, wakati mnara wa televisheni uko kilomita 20 kutoka hapo. Busta isiyo na kichujio hupokea yote, ikalemewa na mawimbi makali ya simu, na ikilemewa hutoa takataka katika masafa yote, pamoja na yale ya chaneli zako. Dalili yake hushangaza: kipimo cha nguvu kinaonyesha asilimia 100 na ubora uko chini kabisa. Mtu akiiondoa busta kabisa katika njia ya waya, chaneli hurudi. Nimeona jambo hili likitokea mara nyingi kiasi cha kuwashauri wote walionunua aina hii kuanza kwa kuijaribu bila busta, kama busta yake inatoka.

Hata hivyo busta ina kazi yake halali, nayo ni kufidia kile kinachopotea njiani baada ya antena. Waya mzuri wa koaksia wa ohmu 75, aina ya RG-6, hupoteza karibu desibeli 1.7 kwa kila mita 10 katika masafa ya megahezi 600, kiasi ambacho katika fleti ya kawaida hakistahili busta. Kigawanyaji cha kupeleka mawimbi kwenye televisheni mbili hupoteza desibeli 3.5 hivi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu, kwa kila tundu. Ukiwa na antena kwenye roshani, mita 20 za waya na televisheni mbili, busta ndogo yenye kichujio cha masafa ya simu inafaa, na mahali pake ni karibu na antena, kabla ya ule waya mrefu. Kuiweka nyuma ya televisheni ni kukuza kitu kilichokwisha kuharibika. Ving'amuzi vingi na baadhi ya televisheni huweza kuipelekea volti 5 kupitia waya huohuo wa antena, na mpangilio wake uko kwenye menyu ya antena; kama umeme huo haujawashwa, busta iliyozimika huziba njia na mtu hapati hata chaneli alizokuwa akizipata bila ya hiyo busta.

Aina ya nne ndiyo ninayoipenda, ingawa si kila fleti inairuhusu. Antena ya fito nyingi zilizopangwa juu ya ufito mmoja mrefu ilitokana na kazi ya Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda wa Japani mwaka 1926, na hadi leo ndiyo inayoonekana juu ya mapaa duniani kote. Ipo fupi ya UHF, yenye urefu wa nusu mita hivi, na ipo ndugu yake ambayo fito zake hupungua urefu kwa utaratibu kutoka nyuma kwenda mbele na ambayo hupokea masafa mapana zaidi kwa usawa. Zote mbili husikiliza upande mmoja, na kwa mtu wa mjini sifa hiyo ina thamani kuliko zile desibeli 7 au 8 za uwezo wake. Mawimbi yanayogonga jengo la nyuma na kurudi, kelele za nyumba ya jirani, mnara wa simu ulio ubavuni, vyote hupungua kwa sababu antena imevipa mgongo. Antena bapa haina mbele wala nyuma, hivyo hupokea mema na mabaya ya pande zote mbili.

Gharama ya uzuri huo ni usumbufu wa kuifunga. Lazima mwenye jengo akubali, lazima ifungwe kwa skurubu au mikanda ya chuma kwenye kitu kisichotikisika, na isitokeze nje ya ukuta wa roshani mahali ambapo upepo unaweza kuing'oa na kuiangusha juu ya watu. Jambo hili la mwisho halina mjadala. Antena ya kilo moja ikianguka kutoka ghorofa ya saba inaua. Kama roshani yako haina mahali pa kuifungia kwa ndani ya ukuta wake, iweke juu ya kabati karibu na dirisha, ikielekea nje. Haitapendeza macho, lakini itaishinda antena bapa iliyo palepale.

Sasa mahali pa kuweka. Ukuta wa zege wenye nondo ni adui mkubwa, kwa kuwa zege lenyewe hunyonya sehemu ya mawimbi na wavu wa nondo huyazuia zaidi. Matofali ya kawaida ni nafuu, mbao ni nafuu zaidi, na kioo cha kawaida huyapitisha mawimbi kwa hasara ndogo. Lakini si kila kioo ni cha kawaida. Majengo mapya hutumia vioo vya tabaka mbili vyenye utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto, na utando huo, usioonekana kwa jicho, huweza kupunguza mawimbi kwa desibeli 20 au 30, yaani kuyaacha yakiwa sehemu moja ya mia au hata sehemu moja ya elfu. Mtu anaweza kubandika antena kwenye kioo kikubwa kinachotazama mnara na asipate kitu. Njia ya kulijua hili ni rahisi mno: fungua menyu ya kipimo cha mawimbi kwenye televisheni, iweke antena karibu na dirisha lililofungwa, soma, kisha lifungue dirisha ukiiacha antena ilipo. Namba zikiruka juu kwa ghafla, kioo chako kina metali, na suluhisho lako liko nje kwenye roshani au kwenye dirisha jingine lenye kioo cha zamani, kama la jikoni au la bafuni.

Kipimo hicho kwenye menyu kina mistari miwili, na watu wengi huangalia mmoja. Mstari wa nguvu unaonyesha wingi wa kinachoingia; mstari wa ubora unaonyesha kama kilichoingia kinasomeka. Unaotakiwa kuufuata ni wa ubora. Enzi za analojia picha iliharibika polepole, chenga zikaongezeka kidogo kidogo, na mtu alijua kwamba antena imesogea. Picha ya kidijitali inabaki safi kabisa hadi mpaka fulani, kisha inavunjika vipande vya mraba, sauti inakatika, na hatua moja zaidi hakuna kitu. Kwa hiyo picha nzuri jioni ya leo haikuambii kama uko mbali na mpaka huo au umesimama ukingoni mwake, na mvua, lori lililoegeshwa mbele ya jengo au mtu aliyepita dirishani vinaweza kukuvusha. Ubora ndio unaokuonyesha akiba uliyonayo.

Jambo linalowashangaza wengi ni udogo wa hatua inayotosha kubadilisha kila kitu. Ndani ya chumba mawimbi hufika moja kwa moja kupitia dirisha na pia hufika yakiwa yamegonga dari, sakafu, jokofu na ukuta wa pili. Yanapokutana, mahali pengine huongezana na mahali pengine hufutana. Kwa megahezi 600 umbali kati ya sehemu yenye nguvu na sehemu iliyokufa unaweza kuwa robo ya wimbi, sentimita 12 na nusu, ambayo ni chini ya shibiri moja. Ndiyo maana antena iliyowekwa kona ya kushoto ya kizingiti cha dirisha inaweza kukosa kabisa chaneli ambazo kona ya kulia inazipata zote. Kusogeza kufanyike kwa nusu shibiri, kwa subira, ukiiachia televisheni sekunde kadhaa baada ya kila hatua, kwa sababu kipimo chake huchelewa kufuata, na ukikaa mbali na antena wakati wa kusoma, kwa kuwa mwili wa binadamu una maji mengi na huyazuia mawimbi. Ni vema awepo mtu wa pili wa kusoma namba kwenye televisheni. Ukiwa peke yako, igeuze televisheni ielekee dirishani.

Katika kusogeza huko, ipo kanuni ya kuchagua chaneli ya kupimia. Vituo vingi hurushwa vikiwa vimefungwa pamoja katika masafa mamoja, kwa hiyo ukipata kimoja cha kundi hilo unapata vyote, na ukikosa kimoja unavikosa vyote. Pima kwa kundi lililo dhaifu zaidi, lile linalokatika mara kwa mara, wala usipime kwa lile linaloingia hata waya ukiwa mtupu. Na kwa kuwa mahali panapofaa masafa ya juu huenda pasifae masafa ya chini, ukishapata pazuri kwa kundi dhaifu rudi ukaangalie mengine kabla ya kubandika chochote.

Mwelekeo wa kulaza au kusimamisha nao husahaulika. Baadhi ya minara hurusha mawimbi yaliyolala na mingine yaliyosimama, na antena iliyolazwa mbele ya mawimbi yaliyosimama hupoteza desibeli 15 au zaidi. Tazama antena za mapaa ya jirani: kama fito zake zimelala, nawe laza; kama zimesimama, simamisha. Antena hizohizo zitakuonyesha pia upande wa mnara bila ya kuhitaji ramani. Ndani ya nyumba mawimbi yaliyogongagonga kuta hubadilika mkao, kwa hiyo ukiwa mbali na dirisha jaribu mikao yote miwili, pamoja na ule wa mshazari.

Halafu kuna kelele za ndani. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, na vifaa vya kubadilisha umeme vya kompyuta hutoa kelele inayoathiri zaidi VHF, na kiungio duni cha USB 3 au waya duni wa HDMI uliopita kando ya antena unaweza kuziharibu chaneli za UHF. Kama chaneli fulani hupotea usiku tu, zima taa moja baada ya nyingine kabla ya kulaumu kituo. Mita moja kati ya antena na vifaa hivi mara nyingi inatosha.

Ukishapapata mahali, weka alama kwa penseli kisha funga waya kwa namna ambayo hautavuta antena. Usiukunje kwa pembe kali wala kuubana na dirisha la chuma linalofungwa, kwa sababu koaksia iliyobonyea hupoteza umbo lake la ndani na kurudisha mawimbi yalikotoka. Upunguze urefu wa ziada badala ya kuuviringisha nyuma ya kabati. Halafu ndipo usake chaneli upya kwa rimoti, maana televisheni nyingi hukumbuka tu zile zilizopatikana siku ya kusaka, na chaneli iliyoanza kuingia vizuri baada ya kusogeza antena haitaonekana kwenye orodha hadi usake tena.

Fleti ambayo madirisha yake yote yanatazama ukuta wa jengo jirani, upande ulio kinyume na mnara, bado ina njia mbili. Ya kwanza ni kuelekeza antena yenye mwelekeo, ile ya Yagi, kwenye jengo linalorudisha mawimbi badala ya kuielekeza upande wa mnara; mfumo wa kidijitali umeundwa kuvumilia mawimbi yanayochelewa, na ukuta mkubwa wa jirani unaweza kuwa chanzo kizuri kuliko mnara usioonekana. Ya pili ni tundu la antena lililoko ukutani, ambalo majengo mengi yanalo likiwa limeunganishwa na antena ya pamoja iliyo juu ya paa. Lijaribu kabla ya kununua chochote. Kama halitoi kitu, muulize msimamizi wa jengo iwapo mtambo wa juu una umeme na iwapo uliwahi kurekebishwa baada ya vituo kuhamia masafa mapya, kwa sababu mitambo mingi ya aina hiyo ina vichujio vilivyopangwa kwa masafa ya zamani, na fundi mmoja akivipanga upya huwapatia picha wakazi wote wa jengo kwa mara moja.